Kopo Lililoandikwa Risasi

Nimesikia mnavyolicheka lile kopo, nyinyi wanafunzi. Mwalimu wenu wa karakana ndiye aliyeniambia, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Eti mnapita pale rafuni mnasoma kwa sauti: "Risasi ya madini siyo ya bunduki, kama ni ya bunduki toka nje mwite Fundi, kama hujui uliza, kama hakuna wa kumuuliza acha." Halafu mnaulizana ni mshamba gani huyo aliyeandika S zikiangalia nyuma. Sawa, chekeni. Hata sisi tulicheka siku lilipoandikwa. Ila mmeniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi, nami nimeanza mara tatu, na mara zote tatu najikuta nimerudi kwenye kopo hilo. Basi nimeona niandike habari zake, na mengine yaje yenyewe njiani.

Jina langu Nyamizi, ingawa watu wa mtaa wetu wa Isevya, hapa Tabora, walinizoea kwa jina la Mama Nta. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza misalaba, vinara vya mishumaa, taa za misikiti, na malaika mmoja mwenye mkia ambaye nitamfikia, vyote kwa shaba iliyoachwa na vita. Vita vyenyewe sikuviona. Ni vile vya Mjerumani na Mbelgiji, waliokuja kumalizia ugomvi wao kwenye mashamba yetu, kisha wakaondoka na kutuachia maganda ya mizinga na ya bunduki yamezagaa kila mahali. Nilipokuwa mdogo ganda la mzinga ndilo lilikuwa kengele ya shule, ndilo chombo cha maua mezani kwa mchungaji, na kwa bibi yangu ndilo lilikuwa kinu cha kutwangia dawa. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba kile kitu kiliwahi kutumwa kuua mtu.

Uhuru ulipopatikana, watu wa mjini Tabora waliunda kamati ya hisani. Walikuwamo Wakatoliki, Wamoravian na Waislamu, na walitaka kuwajengea nyumba wagonjwa wa ukoma waliokuwa wanaishi kwenye vibanda vya nyasi njia ya Sikonge. Mwenyekiti wao alikuwa Mwalimu Tadeo, Mkatoliki, mwalimu aliyestaafu lakini hajaacha kufundisha. Yeye ndiye aliyeleta wazo: ile shaba ya vita ikusanywe, ifanywe vitu vya ibada, viuzwe makanisani na kwa wageni, kitakachopatikana kiwe mabati na vitanda.

Fundi akapatikana hapo hapo Isevya. Fundi Salehe alikuwa mfua shaba na mtia bati, kama baba yake na babu yake, yule babu aliyekuja na misafara, akaona maji ya hapa matamu, akabaki. Fundi alikuwa Mwislamu wa kushika dini, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, haraka kuliko ninavyosoma mimi hizi tunazotumia leo. Hizi zetu hakuzijua wala hakujali. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Sasa, Mwalimu Tadeo alikuwa na mwandiko mzuri na haraka nyingi. Aliandika barua kwa makanisa ya vijijini: "Mwenye mzinga wa zamani usiotumika tena, au kipande chake, aulete kwa Fundi Salehe, Isevya, kwa kazi ya hisani." Barua ikasomwa Jumapili kanisani kwetu, upande wa Sikonge. Niambieni nyinyi, mtu wa Sikonge akisikia mzinga atafikiri nini? Baba yangu alikuwa mrina asali. Alitoka kanisani amekunja uso kwa kuwaza, akasema, "Watu wa mjini wana huruma jamani. Wanataka kuwafugia wagonjwa nyuki."

Akachagua mizinga minne ya magome, akaifunga kwenye baiskeli, na mimi nikawa nasukuma kwa nyuma. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimeachika, sina mtoto, nakula kwa baba yangu kwa kuinamisha macho. Safari ya kusukuma baiskeli ilikuwa afadhali kuliko kukaa nyumbani. Tulilala njiani mara moja, tukaingia Isevya kesho yake mchana, vumbi hadi magotini.

Fundi Salehe akatoka na aproni yake ya ngozi. Akaizunguka baiskeli taratibu.

"Karibuni. Na hii ni nini?"

"Mizinga," Baba akajibu. "Tumeitika wito."

"Mzee wangu, ilikuwa ya Mjerumani hii au ya Mbelgiji?"

"Ni yangu mwenyewe. Imewapiga wezi wa asali tu."

Mwalimu Tadeo alikuwapo. Alipoona kosa ni la barua yake, akaanza kueleza kwa kirefu kwamba neno mzinga lina maana mbili, na ili tumwelewe vizuri akawa anaugongagonga mmoja kwa fimbo. Huo haukuwa mtupu kabisa. Mwalimu wa watu alitimua mbio hadi barabara kuu, kofia mkononi. Fundi alijifungia karakanani, nikamsikia akipaza sauti dirishani: "Huu ndio mzinga wa vita hasa! Ulete ndani!"

Tulipokwisha kucheka, Baba aliona aibu. Mzee mzima ameburuta baiskeli siku mbili kwa neno alilolielewa vingine. Ili asionekane amekuja bure, alitoa mkobani mkate wa nta akampa Fundi kama zawadi. Fundi akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa, akaushika juani.

"Nani kaisafisha nta hii?"

"Binti yangu huyu. Asali kazi yetu wanaume, nta tunamwachia yeye."

Babu yake Fundi, kumbe, alikuwa akimimina shaba kwa njia ya nta: umbo hufinyangwa kwa nta, likavikwa kalibu ya udongo, nta ikayeyushwa itoke na shaba ikaingia mahali pake. Fundi mwenyewe aliiacha njia hiyo kwa sababu nta ya sokoni ilijaa mchanga na uchafu, ikawa inaharibu kalibu. Akamtazama Baba. "Mwache kwangu mwezi mmoja. Atalala chumba kimoja na binti zangu, mke wangu atamwangalia." Baba akaniuliza kwa Kinyamwezi kama nataka. Nilijibu kabla hajamaliza kuuliza. Mwezi huo mmoja umekuwa zaidi ya miaka thelathini.

Njia ya nta mnafundishwa siku hizi kwa mchoro ubaoni, kwa hiyo nitasema yale tu ambayo mchoro hausemi. Umbo ulilolifinyanga kwa nta, koti lake la kwanza la udongo liwe jembamba na laini, udongo wa kichuguu uliochekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na samadi ya ng'ombe na vumbi la makaa. Koti hilo ndilo linaloshika sura. Makoti ya nje yawe mazito, hata ukipaka kwa hasira hayadhuru. Kalibu ikauke kivulini, isikauke juani, hata kama mteja amesimama mlangoni. Mimi nilianika juani. Ukaingia ufa mdogo kama unywele, shaba ikapata njia ya kutokea, na malaika wangu wa kwanza akazaliwa na mkia mrefu uliopinda. Fundi akamgeuza mkononi, akaniuliza kwa upole, "Nyinyi Wamoravian malaika wenu wako hivi, au ni huyu tu?" Mwalimu Tadeo alitaka tumyeyushe. Fundi akakataa, akamtundika juu ya mlango. Bado yuko pale, mwenye macho amwone.

Halafu kulikuwa na suala la uso. Wakatoliki walitaka msalaba wenye Yesu juu yake. Fundi akasema yeye hatengenezi sura ya mtu, dini yake haimruhusu, na kwa hilo hakuwa na utani. Mwalimu Tadeo naye akasema msalaba mtupu parokia hazitaununua. Walibishana asubuhi nzima kwa heshima, kila mmoja akimwita mwenzake mheshimiwa, mpaka mimi nikachoka. Nikachukua nta, nikafinyanga mwili, nikainamisha kichwa kifuani, nikaziachia nywele zianguke mbele. Uso haukuwapo wa kuuona. Fundi akatazama muda mrefu. "Umbo ni lako," akasema. "Mimi namimina shaba tu." Kwa miaka yote hiyo ndivyo tulivyofanya, na watu walikuja kutoka mbali wakiuliza Yesu anayeinama. Wengine walidhani tuna mafumbo makubwa.

Nirudi kwenye kopo.

Kinara cha mshumaa kikiwa chepesi kitakoni huanguka, na kikiangukia kitambaa cha altare ni moto. Kwa hiyo tulikuwa tunamimina risasi ndani ya kitako ili kiwe kizito. Nasema risasi ile ya madini, laini, ya kijivu, inayoyeyuka hata kwa moto wa kupikia ugali. Tuliitoa kwenye betri kuukuu, na kwenye vichwa vya risasi za bunduki vilivyookotwa mashambani, vimekwisha kupigwa na kubondeka. Ilikaa kwenye kopo la samli, rafu ya chini, na aliyelijua kopo hilo ni Fundi na mimi tu.

Risasi nzima, ambayo haijapigwa, ilikuwa na sheria yake. Haikuguswa na mtu ila Fundi, naye aliitia kwenye ndoo ya maji nje hadi askari waje kuichukua. Kila ganda lililoletwa lilipita kwenye maneno matatu: chungulia, chokoa, tikisa. Chungulia mdomoni uone mwisho. Chokoa udongo kwa kijiti cha mti, usitumie chuma. Tikisa sikioni. Kisha tazama kitako: lililopigwa lina kidonda katikati. Maneno hayo Fundi alinifanya niyatamke kila asubuhi, hata asubuhi ambazo hapakuwa na ganda hata moja.

Miaka ikaenda. Ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wakahamia sehemu mpya na kuanza kulima mapori ambayo hayakuwahi kuguswa na jembe, na chini ya yale mapori vita vilikuwa bado vimelala. Maganda yakaanza kuja kwa magunia. Na wakati huo huo kikaja kisomo cha watu wazima, ngumbaru tulivyokiita, mkubwa na mdogo tukakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Mimi nilikuwa sijui hata a. Ilinichukua miezi, lakini siku nilipoandika Nyamizi na kulisoma mwenyewe, nililia mbele ya darasa zima, sioni haya kusema.

Baada ya hapo hakuna kilichosalimika. Nilinunua chaki nikaandika karakana nzima. Mlango niliuandika MLANGO. Niliandika MAKAA, TUPA, KOLEO, UDONGO, NTA. Fundi alikuwa akipita katikati ya maandishi yangu akitikisa kichwa. "Unaviandika ili visisahau majina yao?" Na kwenye lile kopo la samli nikaandika, kwa herufi kubwa kuliko zote kwa sababu neno lenyewe nililipenda: RISASI.

Sasa mmeona. Lakini mimi sikuona.

Mzee Masanja alikuwa mkulima, Msukuma, wa kijiji kipya kilichokuwa upande wa machweo, karibu na njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Alikuwa ametuletea maganda mara mbili hivi, mtu mpole, mrefu, naye pia yuko ngumbaru na ana raha nayo kama mimi. Siku hiyo alifika adhuhuri. Fundi alikuwa msikitini. Mimi nilikuwa ua wa nyuma nayeyusha nta, na nta ikiwa motoni huiachi. Nikamsikia akibisha hodi.

"Shikamoo, baba! Ingia tu!"

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta gunia. Na nyingine hizi nimezifunga kwenye kitambaa, niziweke wapi?"

Sikumuuliza nyingine zipi. Nilijibu nikiwa nimempa mgongo, tena kwa maringo: "Soma, baba! Kila kitu kimeandikwa!"

Nikamsikia akicheka ndani kwa furaha. "Naona, mwanangu! Nasoma!"

Kwenye kitambaa mlikuwa na risasi za bunduki nzima, saba au nane, zimevaa kutu na tope. Alizifukua shambani, akazibeba kwa adabu ili watoto wasizichezee. Akatafuta mahali pake, akakuta kopo limeandikwa risasi. Akazitia. Mwisho wa siku nami nikaja na vipande vyangu vya betri nikavimwaga juu yake. Maneno matatu sikuyatamka. Yale yalikuwa ya maganda, na kopo lilikuwa letu.

Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa na vinara sita vya kujaza. Akachukua kopo, akamimina vyote kwenye chungu kidogo juu ya makaa, akageuka kuniambia jambo. Sijui lilikuwa jambo gani. Mlio wa kwanza nilidhani ni kalibu imepasuka. Wa pili na wa tatu ilifuatana. Moto ulipotulia Fundi alikuwa amekaa chini kwenye majivu, mkono usoni, damu inapita kati ya vidole, na anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyamizi, wewe uko salama? Nyamizi?"

Nilimfunga kitambaa, nikaita majirani, wakambeba hospitali. Nikabaki peke yangu mlangoni. Kopo lilikuwa limeanguka, limelala ubavu, neno langu linanitazama. Nilielewa yote kwa mara moja, kuanzia kwenye "soma, baba" hadi kwenye damu. Nikapiga magoti nikalifuta kwa ncha ya kanga yangu. Nililifuta mpaka bati likang'aa.

Mzee Masanja alikuwa amelala kwa ndugu yake mjini. Alikuja asubuhi hiyo hiyo kuaga, akakuta umati na askari na Mwalimu Tadeo. Hakuficha neno. "Ni mimi. Nilikuwa na risasi nikaziweka kwenye kopo lililoandikwa risasi."

Wakaingia wakatazama. Kopo halikuwa na herufi hata moja.

"Liliandikwa," akasema. Akaligeuza, akaligeuza tena. Akanitazama mimi. Nami nikatazama sakafu.

Mwalimu Tadeo hakuwa mtu mbaya. Aliweka mkono begani kwake, akasema kwa huruma ya kweli, "Labda ulisoma vibaya, mzee wangu. Ndiyo kwanza unajifunza. Hutokea."

Masanja akaliweka kopo chini. Kisha akasema, "Basi nitakuwa nimesoma vibaya."

Askari wakaona ni ajali, wakaandika, wakaenda. Fundi akarudi baada ya wiki kadhaa, jicho la kulia limekwisha. Alianza kazi upya, kichwa akikiinamisha upande kama kuku anayesikiliza, na kila mara alipokosa kushika koleo mara ya kwanza, mimi nilikufa kidogo. Hakumlaumu mtu. Aliwaambia wote kwamba fundi anayemimina kopo bila kutazama amejitakia. Mimi niliosha vyombo vyake, nikamtafutia mke wake kuni zilipokosekana, nikafanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Chaki sikuigusa tena. Kiangazi kikapita na masika yakapita.

Siku moja akaja mwalimu wa kisomo wa kile kijiji kununua kinara. Tukaongea mawili matatu, akaniambia darasa lake linakwenda vizuri, ila mwanafunzi wake bora amekataa kurudi. Mzee mmoja anaitwa Masanja. Barua zikimfikia anawapa watoto wamsomee, na wao wakifungua vitabu vya shule kusoma, yeye anatoka nje. "Nimembembeleza sana. Anasema kusoma kwake kumempofusha mtu."

Kinara kilinidondoka. Mwalimu yule akadhani ni uzito.

Alipoondoka nilimwendea Fundi. Alikuwa anapiga tupa taa ya msikiti. Nikamwambia yote nimesimama, tangu chaki hadi kanga. Tupa ikaendelea kidogo, kisha ikanyamaza.

"Chaki niliiona," akasema. "Nililiona kopo limeandikwa. Ila sikujua limesema nini. Siku ile Masanja alipoulizwa sikuwapo. Nilirudi nikaambiwa mzee kasoma vibaya, nikaamini, nitajuaje mimi?"

"Nisamehe, Fundi."

"La jicho?" Akanigeukia, na ilibidi ageuke sana ili anione. Sijawahi kumwona na hasira ile, wala sikuiona tena. "Jicho langu lilikwenda na kazi. Kazi hii inakula vidole na macho, nilijua tangu utoto. Lakini la Masanja halikwenda na kazi. La Masanja umelifuta wewe kwa kanga. Unaniomba mimi msamaha wa nini? Mimi siyo mwenye nalo."

Nikaondoka kesho yake kwa baiskeli ya Fundi. Nilifika kijijini jua likiwa kali, watu wamekaa barazani pa ghala wanabambua karanga, wanaume kwa wanawake. Nikawaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Masanja alikuwa mwisho wa safu. Alinitambua, akaacha kubambua.

Nilikuwa nimepanga kumwita pembeni. Lakini yeye aliaibishwa mbele ya watu, kwa hiyo nilisimama pale pale katikati ya maganda ya karanga.

"Baba Masanja, nimekuja kukuambia ulisoma sawasawa."

Hakuna aliyeelewa, ila yeye.

"Kopo liliandikwa," nikasema. "Niliandika mimi. Risasi ya madini nayo ni risasi, nami sikufikiri kwamba mtu mwingine ataleta ya bunduki. Nilikuambia usome, ukasoma. Fundi alipoumia nikaogopa, nikalifuta. Wewe ulisema kweli, mimi nikatazama chini."

Mama mmoja akaachia sauti ya kushangaa. Mwingine akaniita jina ambalo sitaliandika hapa, na nililistahili. Masanja aliinua mkono wakanyamaza. Hakunitazama usoni. Alisogeza karanga pembeni kwa kiganja, akasawazisha vumbi mbele yake.

"Andika nione."

Nikachuchumaa nikaandika kwa kidole. Mkono wangu ulikuwa haujaandika tangu siku ile, herufi zikatoka kama za siku ya kwanza. Akainama. Midomo yake ikasogea taratibu, ri, sa, si. Akarudia. Kisha akakaa wima akashusha pumzi ndefu, na machozi yakamtiririka bila sauti, mtu mzima yule, mbele ya kijiji chake. "Nilisema," akamwambia jirani yake. "Nilikuambia mimi liliandikwa." Msamaha hakunipa siku hiyo. Alinipa maji ya kunywa.

Baada ya wiki mbili tukamwona mlangoni Isevya, baiskeli imeegemea ukuta. Alikuja kumwona Fundi. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za watoto na mvua, kisha Fundi akaniambia nilete rangi nyeupe na brashi, na lile kopo.

"Masanja, mimi herufi zenu sizijui," akasema. "Huyu akiandika peke yake tumeona yaliyotokea. Wewe andika, yeye asome kwa sauti, mimi nisikilize kama inatosha."

Masanja akaandika RISASI. Taratibu, ulimi nje. S zote mbili zikageuka zikaangalia nyuma. Mwalimu Tadeo, aliyekuwa amepita kutusalimu, alinyoosha mkono kutaka kusahihisha.

"Inasomeka?" Fundi akauliza.

"Inasomeka, lakini..."

"Basi iache."

Nikasoma. Fundi akasema, "Haitoshi. Ongeza ni ya madini." Nikasoma. "Bado. Na kama ni ya bunduki je?" Masanja akaongeza. "Na asiyejua?" Akaongeza. "Na kama sisi sote tumekufa, hakuna wa kumuuliza?" Hapo Masanja akacheka mpaka brashi ikamwagika rangi, na mimi nikacheka, na Fundi kwa jicho lake moja akacheka kuliko sisi, na maneno yakazunguka kopo zima hadi yakakutana yalipoanzia. Masanja akalishika kwa mikono miwili akalisoma lote, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama.

Nyumba ya wagonjwa ilisimama, mabati yake mnayaona mkipita njia ya Sikonge. Masanja na Fundi wameshatangulia wote wawili. Mimi vidole vimekakamaa, hata nta siwezi tena. Nasikia mwaka huu mnataka kuipaka rangi karakana yote na kubandika maandishi mapya ya mashine. Bandikeni. Ila mkifika rafu ya chini, lile kopo lirukeni. S zake ziacheni ziangalie nyuma. Aliyeziandika alijua kusoma.